Sahihi ya Kwa Niaba

Siku ya kumzika Ezekieli nilipewa dakika mbili niseme neno kwa niaba ya wote waliofanya naye kazi Mpanda. Nilisema alikuwa mchapakazi, kwamba hakuchelewa kazini hata siku za mvua, na kwamba kompyuta ya kwanza niliyoiona ikimtii mtu ilimtii yeye. Watu wa kwao Mishamo wakaitikia kwa vichwa, mchungaji akanishukuru, nikarudi kwenye mkeka. Yote niliyoyasema yalikuwa kweli, na yote niliyachagua ili nisiguse jambo moja nililomfanyia mwaka fulani mwishoni mwa miaka ya tisini. Msibani huwezi kusimama ukaanza kueleza leseni za programu. Ungefika sentensi ya tatu watu wangeanza kukohoa. Hapa kwenye karatasi yangu hakuna wa kukohoa, kwa hiyo nitaeleza, na nitaeleza taratibu, maana hata mimi mwenyewe ilinichukua muda kuelewa kosa lilikaa wapi. Habari za wazazi wangu, shule niliyosoma na namna nilivyofika Mpanda nitaziruka. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, katibu muhtasi wa mradi wa chanjo ya mifugo, na nilijiona naijua kazi.

Mpanda wakati huo ilikuwa wilaya tu ya Mkoa wa Rukwa. Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya vyumba vinne karibu na stesheni, hivi kwamba treni ya Tabora ilipoingia vikombe viligongana kwenye trei. Chumba cha mbele kilikuwa changu: mashine ya kuchapa, simu ya upepo ya kuzungumza na vituo vya vijijini kila saa nne asubuhi, kabati la mafaili, na kompyuta moja iliyofunikwa kitenge. Jenereta liliwashwa saa tatu, likazimwa saa saba, kwa sababu dizeli haikutosha zaidi ya hapo. Diski tulizitunza ndani ya kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, maana vumbi la Mpanda halimheshimu mtu. Chumba cha pili kilikuwa cha mkuu wetu, Daktari Kitundu, daktari wa mifugo, mtu wa haki lakini mwenye haraka kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Ukuta kati yetu haukufika darini. Aliyoyasema kwake niliyasikia yote, naye alijua nayasikia, ndiyo maana mara nyingi alinituma kazi bila kuniita. Chumba cha tatu kilikuwa stoo ya dawa, na cha nne ndicho tulichokulia chakula cha mchana, ugali na migebuka, samaki wakavu wa ziwani, siku tano kwa wiki, na siku ambayo migebuka haikupatikana tulilalamika kana kwamba tulikuwa tunaipenda.

Ezekieli alikaa na mimi chumba cha mbele. Alikuwa rika langu. Aliingia nchini mgongoni mwa mama yake, akakulia Mishamo kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, hakuwa na kumbukumbu ya nchi nyingine yoyote. Lakini kwa karatasi alikuwa mkimbizi, na mkimbizi alitembea na kibali: anaruhusiwa kukaa Mpanda mjini, kwa kazi fulani, mpaka tarehe fulani. Muda ukiisha alirudi Mishamo kuomba kingine, kama walivyofanya wenzake wote. Kompyuta alifundishwa na Hendriki, Mholanzi aliyekaa na mradi miaka miwili akaandika, kwenye meza ile ile, programu ya kuweka kumbukumbu za chanjo. Hendriki aliondoka kabla ya mwaka ninaousimulia. Alituachia programu pamoja na masharti yake kwa Kiingereza, Ezekieli akayatafsiri, mimi nikayapiga chapa, tukayabandika ukutani kando ya kalenda. Nayakumbuka mpaka leo kwa sababu niliyatazama kila nilipoinua macho: *Umepewa, tumia. Fungua ndani uone ilivyotengenezwa. Ukitaka kubadilisha, badilisha. Ukimpa mwingine ulichobadilisha, mpe na maandishi ya ndani, naye awe huru kama ulivyokuwa wewe.* Daktari Kitundu alisema hayo si masharti, ni mahubiri.

Ule mwaka ulianza kwenye josho, upande wa kuelekea Sibwesa, siku ya kuchanja. Tulikuwa na orodha iliyochapwa na kompyuta, kurasa kumi na moja, na Daktari aliisoma kwa sauti ya kujivunia. Akafika kwa Masanja, mfugaji wa Kisukuma aliyekuwa ameshuka na mifugo yake kutoka kaskazini miaka kadhaa nyuma, mtu mrefu asiye na papara.

"Masanja, ng'ombe sitini na wawili. Bwana, hili bonde umelijaza peke yako! Inabidi upunguze."

"Sitini na wawili wa nani?"

"Wako. Kompyuta imeandika."

"Basi hiyo kompyuta inanipenda sana," Masanja akasema, na watu wakacheka. "Wangu ni kumi na tisa. Sasa nikipunguza, nipunguze wa nani?"

Ndipo tukaelezwa jambo ambalo kila mtu pale josho alilijua isipokuwa sisi wenye kompyuta. Msukuma haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Wengine anampa rafiki, wengine shemeji, wengine mtu wa mbali, wamtunzie, ili ugonjwa ukipita usimfagilie mali yote kwa siku moja. Mtunzaji anakunywa maziwa na anatumia mbolea. Ndama ni wa mwenyewe. Na mtunzaji mwema, akizalisha vizuri kwa miaka, hupewa mtamba wake. Ng'ombe akifa, mtunzaji humpelekea mwenyewe ngozi, aone kwa macho kwamba hakuliwa wala hakuuzwa. Katika wale sitini na wawili walikuwamo ng'ombe watano wa fundi cherehani wa mjini, ambaye kwenye kumbukumbu zetu hakuwa na hata kuku. Programu ya Hendriki ilikuwa na nafasi moja tu ya jina kwa kila ng'ombe, na tulikuwa tumeandika jina la aliyemleta josho. Daktari aliikunja orodha akaitia mfukoni.

Kazi ya kurekebisha ilichukua wiki tatu. Mimi nilirudi josho na daftari, nikauliza maswali: nani anaweza kuuza, nani anatoa habari ya kifo, mtunzaji akihama inakuwaje, ngozi ikichelewa inakuwaje. Wanaume wale walifurahi sana kuulizwa na mwanamke mambo ya ng'ombe, wakanijibu kwa urefu kuliko nilivyotaka. Ezekieli aliyachukua majibu yangu akayaingiza ndani ya programu: jina la mwenyewe, jina la mtunzaji, tarehe ya kukabidhiwa, ndama waliozaliwa huko, ngozi imefika au haijafika. Kila siku saa saba jenereta likizimwa aliendelea kuandika kwa penseli, mezani, karibu na sahani, na mara mbili alichovya tonge kwenye kikombe cha chai badala ya mchuzi. Ilipokamilika tulifuata yale masharti ya ukutani. Tulinakili kila kitu kwenye diski mbili, pamoja na maandishi ya ndani, tukamtumia Hendriki kwa posta. Alijibu kwa furaha. Alisema hajawahi kufikiria kwamba ng'ombe mmoja anaweza kuwa na watu wawili, na kwamba sehemu yetu ameiingiza ndani ya programu, atakayeichukua popote duniani ataikuta humo. Ezekieli aliisoma barua ile mara tatu. Mwisho wa programu palikuwa na orodha ya walioitengeneza, na jina lake sasa lilikuwa la pili, baada ya Hendriki. Langu la tatu.

Miezi ikapita, ikaja barua nyingine, ndefu, na ndani yake fomu mbili, moja yenye jina langu na moja yenye jina la Ezekieli. Hendriki alieleza kwa Kiswahili chake cha kitabuni. Kuna kampuni ya ranchi katika nchi fulani ya kusini, inawatawanyia wakulima ng'ombe wake wawatunze, na inaitaka programu, hasa sehemu yetu ya majina mawili. Lakini kampuni haitaki sharti la kurudisha. Inataka kubadilisha inavyopenda na kufunga mlango. Kwa hiyo Hendriki amefikiria programu iwe na leseni mbili. Ya kwanza ni ile ile, bure kwa yeyote anayekubali kuacha mlango wazi. Ya pili ni ya kulipia, kwa anayetaka kuufunga. Pesa itamwezesha kuendelea kuitengeneza. Ila hawezi kuuza leseni ya pili mpaka kila aliyeandika sehemu amruhusu kwa sahihi yake.

Tuliijadili mezani. Daktari Kitundu alikuwa na haraka ya kuimaliza.

"Sasa tatizo liko wapi? Kesho asubuhi nikiwasha kompyuta, programu si nitaikuta? Tumepungukiwa nini? Na Hendriki naye ana tumbo. Tukimwandikia kwamba kuna kosa, anatengeneza. Anatengeneza kwa kula hewa?"

"Sina neno na yeye kula, Daktari," Ezekieli akasema. "Neno langu ni hilo sharti. Sisi hatuna pesa, tumeambiwa, ukibadilisha acha wazi. Tumeacha. Wao wana pesa, wameambiwa, lipa, ufunge. Kwa hiyo sharti ni la asiye na pesa."

"Basi na wewe funga, nani atakuona huku Mpanda?"

"Nikifunga mimi ni mwizi. Wakifunga wao ni wateja."

Daktari alicheka mpaka akaweka tonge chini. Mimi nilikuwa upande wa Daktari. Nilisema kampuni haichukui cha kwetu, inapata nakala tu, na nakala haimpunguzii mtu. Ezekieli alinitazama bila hasira. "Dada Resti, wewe ulishinda juani siku tisa unauliza habari za ngozi. Hiyo ndiyo wanayoitaka. Wangeitaka bila ngozi wangeandika wenyewe." Zilikuwa siku kumi na moja, na nilikuwa sijamwambia mtu jinsi nilivyochoka.

Nina mpwa wangu Dar es Salaam anayeandika programu. Nilipomsimulia habari hii alishangaa kwamba tuliona ni jambo la kujadili. Anasema siku hizi ndivyo mambo yalivyo, unatoa mchango wako, skrini inakuuliza kama unakubali mwenye mradi auze, unabofya unakubali, unaendelea na chai yako. Nilimwuliza kama anaona ni haki. Akasema ni haki kwa sababu hakuna aliyelazimishwa, na bure inabaki bure, na asiye na pesa anahudumiwa na pesa ya mwenye nayo. Yote kweli. Nilimwuliza tena kama alishawahi kubofya hakubali. Akacheka, akasema hajawahi kuisoma.

Wiki ile ile ya barua tulikwenda tena josho, na Ezekieli alimweleza Masanja jambo lote. Masanja alikuwa ametuletea maziwa mgando kwenye kibuyu, tukanywa tumesimama. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ng'ombe gani huyo, anauzwa na bado yumo zizini?"

"Si ng'ombe, ni programu."

"Basi hapo mimi sijui. Mambo ya kitu kisichopungua sina." Akafikiri. "Lakini mwenye ng'ombe akitaka kuuza, hata kama ni wake, anakuja kwangu. Anakaa. Anakunywa maziwa, ananiambia, fulani nataka kumtoa. Akimtoa zizini kimya kimya watu watasema kaiba ng'ombe wake mwenyewe. Huyo Mzungu wenu amemtoa kimya kimya?"

"Hapana. Ameandika barua."

"Basi huyo amekaa. Amekiri kuna jasho lako hapo. Sasa na nyie mwambieni mnataka nini. Mtu akija akakaa, halafu wewe ukanyamaza, kosa si lake tena. Au vipi, mayu?" Hilo la mwisho alinigeukia mimi, kwa jina la heshima wanaloita wanawake kwao, nikaitikia kwamba ni kweli.

Siku iliyofuata Ezekieli alijua anachotaka. Hakutaka pesa, nilimshauri aombe, akasema pesa hiyo Hendriki aitumie kuitengenezea programu. Alitaka neno moja liongezwe: kampuni ifunge mengine yote ikipenda, lakini lolote itakalobadilisha katika sehemu ya majina mawili iliache wazi, liwafikie watu kama sisi. Huenda huko kusini wana desturi nyingine za kutunziana ng'ombe, alisema, na sisi tungependa kujifunza. Aliliandika kwa penseli kwenye daftari, akalifuta, akaliandika upya kwa maneno machache zaidi. Alisema atalinakili chini ya fomu kwa kalamu, kwa mkono wake, kisha ataona. Nilimwuliza wakikataa je. Akasema tutajua wakikataa.

Kabla hajanakili, kibali chake kikakaribia mwisho. Aliondoka Ijumaa na lori la mahindi. "Fomu yangu iache kwenye droo, dada Resti. Nikirudi tutaimaliza." Kwa kawaida safari ile ilimchukua wiki moja. Mwaka ule mvua zilinyesha bila kupumzika, barabara ikakatika sehemu mbili, na wiki ya kwanza ikawa ya pili, na ya pili ikawa ya nne. Chumba cha mbele nilikaa peke yangu na kompyuta ambayo sikuthubutu kuifanyia lolote zaidi ya kuchapa orodha. Habari za Mishamo nilizipata kwa simu ya upepo: mahindi yamestawi, barabara bado, watu wazima.

Halafu ikaja barua fupi ya Hendriki. Sahihi za wengine walioongeza sehemu zao baada yetu amezipata, anasubiri Mpanda tu, na kampuni inataka jibu kabla mwezi haujaisha. Nilimpelekea Daktari, akaisoma, nikarudi mezani kwangu. Baada ya dakika chache sauti yake ikapita juu ya ukuta.

"Restituta! Zile fomu ziende na treni ya leo!"

Hakuuliza ni za nani wala zimefikia wapi. Sikumwambia. Nilitoa fomu mbili kwenye droo. Yangu nikaitia sahihi. Ya Ezekieli nikaiweka mbele yangu, nikaandika *Kny*, nikatia sahihi juu ya jina lake, nikagonga muhuri wa ofisi.

Aliyewahi kufanya kazi ofisi za kwetu hahitaji kuelezwa Kny ni nini. Kwa niaba ya. Mkuu yuko safari, barua inasubiri, katibu anaandika Kny, maisha yanaendelea. Kwa siku niliweza kutia Kny mara kumi: maombi ya likizo, hati za kutoa dawa stoo, barua za kuomba dizeli. Niliwahi hata kumwalika mkuu wa wilaya kwa Kny, akaja, akala, akashukuru. Mkono wangu uliizoea kazi hiyo kabla akili haijafika. Haikunijia kwamba ile haikuwa karatasi ya ofisi, ilikuwa karatasi ya mtu, na kwamba mtu hana kaimu. Asubuhi ile ile nilikuwa nimezungumza na Mishamo kwa simu ya upepo kuhusu barafu ya chanjo. Ningeweza kusema, mwiteni Ezekieli, kesho saa nne awepo. Ningependa kuandika kwamba wazo hilo lilinijia nikalipuuza kwa sababu ya haraka za Daktari. Halikunijia kabisa, na kwa maoni yangu hilo ni baya zaidi. Bahasha niliipeleka mwenyewe stesheni, nikanunua karanga njiani, nikarudi nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi.

Ezekieli alirudi siku nane baadaye, matope mpaka magotini, na mfuko wa maharage aliotumwa na mama yake aniletee. Alinawa miguu uani, akavaa viatu, akaketi, akafunua kompyuta, halafu akasema, "Haya, dada Resti, nipe fomu yangu."

"Nilishaituma."

"Tupu?"

"Nilikutilia sahihi. Kny. Hendriki aliharakisha, na Daktari akasema iende."

Alibaki na kitenge cha kompyuta mkononi. Nilingoja anigombeze. Nilikuwa nimeshajiandalia majibu, mazuri kabisa, kuhusu barabara na mwisho wa mwezi. Alikikunja kitenge mara mbili, mara nne, akakiweka chini ya meza. "Sawa," akasema, na akaomba orodha za wiki zile tano aziingize. Nilijiambia kwamba limekwisha. Nilipika maharage ya mama yake siku mbili mfululizo, tukala watatu, na Daktari alisema hajawahi kula maharage kama yale.

Nimelitafakari swali la leseni mbili kwa miaka mingi, kuliko inavyompasa mtu ambaye hajawahi kuandika programu. Kuna siku naona Daktari alikuwa sahihi: hatukupungukiwa kitu, programu ilibaki kwetu, Hendriki alirekebisha makosa yetu kwa miaka mingine minne kwa pesa ile, na fundi cherehani aliitwa kwa jina lake siku za chanjo. Kuna siku naona Ezekieli alikuwa sahihi, na kwamba sharti linalonunuliwa na mwenye pesa linabaki mzigo wa maskini peke yake, hata likiwa zuri. Sijaamua, na umri wangu huu sitaamua. Nilichoamua ni kwamba Hendriki alifanya sehemu yake. Alikuja, akakaa. Aliyemnyamazisha Ezekieli ni mimi.

Barua ya Hendriki ya kushukuru ilifika kiangazi kikianza. Ilikuwa na jina la Ezekieli juu, kwa hiyo safari hii sikuifungua. Aliisoma amesimama dirishani, kisha akanipa. Hendriki alishukuru kwa fomu. Halafu akaandika hivi, nami nimeyashika maneno yake: "Nilidhani utakuwa na neno, Ezekieli, maana nakujua. Niliwaambia kampuni wangoje, huenda Mpanda wataweka sharti lao, nao wakakubali kungoja. Fomu ilipokuja bila neno niliona umeridhika, nikawauzia."

Hendriki hakujua Kny ni nini. Aliona sahihi na muhuri, akaamini, kama ambavyo mtu yeyote mwaminifu angeamini. Kwa upande wa pili wa ukuta Daktari alikuwa anapiga miluzi.

"Namwandikia leo," nilisema. "Namwambia ni mimi, wewe hukuwepo."

"Usimwandikie. Namjua, atavunja mauzo. Atarudisha pesa ambayo ameshaila, na hii programu itakosa mtu. Acha."

"Basi nisamehe, Ezekieli. Kweli nisamehe. Lile sharti lako lingekubaliwa."

"Huenda. Huenda lingekataliwa." Alichukua kiti akaketi, akaweka mikono magotini. Hakuwa na hasira, na ningetoa chochote awe nayo. "Hilo sharti mimi silililii, dada Resti. Hata wangelikataa, mwishoni ningetia sahihi. Nilishaamua kule Mishamo, nikingoja barabara."

"Ungetia?"

"Ego, ndiyo, ningetia. Hendriki amenifundisha kazi, ningemnyimaje?" Akatazama meza. "Ila wewe hujui kitu kimoja. Karatasi zote zinazonihusu mimi zina sahihi za watu wengine. Nikae hapa, mtu ametia. Nisafiri, mtu ametia. Nifanye kazi, Daktari ametia. Tangu nizaliwe imekuja karatasi moja tu ikasema haiwezi kwenda bila mkono wa Ezekieli."

Nilishindwa kumtazama. Kule ndani miluzi ilikuwa imekoma.

"Na imekwenda," akasema, akaichukua barua mkononi mwangu, akaikunja, akanirudishia niiweke kwenye faili.